Kutekeleza, kulazimisha, kukazia: kitenzi "enforce" na wanaokitafsiri

"Serikali imeahidi kutekeleza sheria hiyo kikamilifu." "Wananchi wametakiwa kutekeleza sheria hiyo bila kusukumwa." Sentensi hizi mbili zingeweza kukaa katika habari moja, aya ya kwanza na ya pili, na wahariri wengi wasingezigusa. Lakini kitenzi kimoja kimebebeshwa humo kazi mbili zinazotazamana. Katika sentensi ya kwanza, kutekeleza ni kuhakikisha wengine wanafuata. Katika ya pili, kutekeleza ni kufuata. Anayeshika fimbo na anayeogopa fimbo wamepewa neno moja.

Kiingereza kimetenganisha kazi hizo. Anayefuata ana "obey" au "comply". Anayewafanya wengine wafuate ana "enforce". Wafasiri wa Kiswahili hukutana na kitenzi hicho cha mwisho kila siku, katika sheria, mikataba, taarifa za polisi, maazimio ya kimataifa na hata mipangilio ya kompyuta, na mara nyingi hukimalizia kwa kutekeleza au kulazimisha kisha wakasonga mbele. Hasara inayotokea hapo si ya lugha peke yake. Msomaji hukosa kujua nani amepewa wajibu.

Upungufu si wa Kiswahili. Lugha hii ina maneno ya kutosha kwa kazi hii, na moja kati yao, lile la mahakamani, ni sahihi kuliko la Kiingereza chenyewe. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza, kabla ya kuchagua neno, nani anamfanya nani afuate nini, na ana nini mkononi.

Asili ya neno inasaidia kuanzia. "Enforce" kiliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale katika karne ya 14, na shina lake ni fortis ya Kilatini, yaani -enye nguvu. Shina hilohilo limezaa "fort", boma; "effort", juhudi; "comfort", ambalo mwanzoni lilihusu kumtia mtu nguvu kabla ya kuhusu kumliwaza; na "reinforce", kuongeza nguvu, neno linalotumika pia kwa zege lililofungwa nondo. Matumizi ya zamani ya "enforce" yalikuwa karibu sana na kutia nguvu kwetu: kuitia nguvu ngome, kuitia nguvu hoja. Maana ya shuruti ilikua pembeni mwa hiyo, hatimaye ikaifunika.

Historia hii ina faida ya moja kwa moja, kwa sababu inaeleza sarufi ya neno. Ukilishika "enforce" kama "kuitia nguvu kanuni", unaona mara moja kwamba kinachotiwa nguvu ni kanuni. Mtu hatiwi nguvu. Mtu ndiye ambaye nguvu hiyo inamwangukia. Kwa hiyo yambwa ya kitenzi hiki, yaani kile kinachotendwa, katika Kiingereza cha leo ni amri, sheria, hukumu, marufuku, mkataba, tarehe ya mwisho, ukimya, nidhamu. Haiwi mtu.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wa Kiingereza wanaofikiri kwa Kiswahili hujikwaa. Wamefundishwa kwamba "enforce" ni kulazimisha, na kulazimisha hupenda mtu: ninamlazimisha, wanatulazimisha. Matokeo yake huandika "they enforced us to pay", na msahihishaji hukata kwa wino mwekundu bila kueleza. Kitenzi cha mtu ni "force" au "compel": walitulazimisha tulipe. Kitenzi cha kanuni ni "enforce": walihakikisha kanuni ya malipo inafuatwa. Katika zama za Shakespeare kitenzi hiki bado kiliweza kumchukua mtu, na ndiyo sababu msomaji wa maandishi ya zamani anaweza kukutana na muundo ambao mwalimu wake ameukataza. Leo muundo huo umekufa. Mtu akitajwa, huja nyuma ya kihusishi: kanuni husimamiwa "on" au "upon" mtu, na hukumu hukaziwa "against" mdaiwa.

Kosa jingine ni la sauti. "Enforce" kama kitenzi na "in force" kama hali hutamkwa karibu sawa, lakini hayafanyi kazi moja. Sheria iliyo "in force" ni sheria inayotumika: imepitishwa, imetiwa saini, tarehe yake ya kuanza imefika. Sheria iliyo "enforced" ni sheria ambayo mtu fulani anaisimamia. Sheria inaweza kuwa ya kwanza bila kuwa ya pili kwa miaka mingi. Mfasiri akiandika "sheria hiyo inatekelezwa tangu 2010" kwa sentensi iliyosema ilianza kutumika 2010, ametoa ushahidi ambao chanzo hakikuutoa. Amesema watu wanaifuata, au kuna anayewafuatilia, ilhali kilichosemwa ni kwamba ipo vitabuni.

Majirani wengine wawili wa neno hili huleta mkanganyiko mdogo zaidi. "Impose" ni kuweka: kuweka marufuku, kuweka kodi, kutoa adhabu, kutoza faini. Kazi yake huisha kanuni inapotua juu ya mtu. "Enforce" huanzia hapo. "Implement" ni kutekeleza kwa maana yake safi kabisa, yaani kuufanya mpango uwe kazi: kuajiri watu, kununua vifaa, kuchapisha fomu, kufungua ofisi. Wizara inaweza kutekeleza sheria kwa maana hii yote, ofisi zikafunguliwa na fomu zikajaa rafuni, bila mkaidi mmoja kuguswa. Kwa hiyo kutekeleza kuachwe kubaki na kazi yake ya "implement", pamoja na ile ya kutimiza wajibu ambayo tayari ni nzito. Kukiongezea mzigo wa tatu ndiko kulikotuletea sentensi mbili za mwanzo wa makala haya.

Kitenzi hiki kinapotumika vizuri, ndani yake mna vitu vinne hata kama sentensi inataja viwili tu. Kuna kanuni. Kuna anayepaswa kuitii. Kuna anayeisimamia. Na kuna kile anachoweza kufanya asipotiiwa: kutoza faini, kufuta leseni, kukamata mali, kufunga mlango, kukata huduma. Wanaotunga sheria hukumbuka vya kwanza viwili bila shida. Cha tatu husahauliwa mara kwa mara, na cha nne huandikwa kwa haraka mwishoni, pengine kwa kiwango ambacho mkosaji hulipa kwa furaha kwa sababu kukosea kunamlipa zaidi.

Kiswahili kina msemo kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huo husifu usawa, na ni mzuri, lakini unaficha jambo moja: msumeno haukati peke yake. Lazima kuwe na mkono. "Enforce" ni kitenzi cha mkono ule.

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Mwaka 1832 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, iliamua katika kesi ya Worcester dhidi ya Georgia kwamba sheria za jimbo la Georgia hazikuwa na nguvu katika ardhi ya Wacherokee, wenyeji wa asili. Inasimuliwa kwamba Rais Andrew Jackson alijibu kuwa Marshall ameshatoa uamuzi wake, basi na aukazie mwenyewe. Maneno hayo yanaaminika kuwa aliwekewa mdomoni baadaye, lakini yameishi kwa sababu yanaeleza hali halisi. Samuel Worcester, mmisionari aliyeshinda kesi, aliendelea kukaa gerezani hadi Januari 1833, na alitoka kwa msamaha wa gavana. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, alikuwa amelisema hili mapema, mwaka 1788, alipoandika kwamba mahakama haina mamlaka juu ya upanga wala juu ya mfuko wa fedha. Ina uamuzi tu. Katika vile vitu vinne, mahakama ya mwaka 1832 ilikuwa na viwili vya kwanza.

Mwaka 1957, mahali pengine katika nchi hiyohiyo, vyote vinne vilikutana. Mahakama ya Juu ilikuwa imetamka mwaka 1954, katika kesi ya Brown, kwamba kutenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Huko Little Rock, Arkansas, Gavana Orval Faubus alitumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shuleni. Rais Dwight Eisenhower aliwaondoa askari hao mikononi mwa gavana na kutuma wanajeshi wa Divisheni ya 101 kuwasindikiza wanafunzi hadi madarasani. Amri ya mahakama haikubadilika hata nukta kati ya siku waliyozuiwa na siku waliyoingia. Kilichobadilika ni mkono.

Katiba ya nchi hiyo hulitumia neno lenyewe. Marekebisho ya 13, ya 14 na ya 15, yaliyopitishwa kati ya 1865 na 1870 kufuta utumwa, kutoa uraia na kulinda haki ya kura, kila moja linamalizia kwa kifungu kinacholipatia Bunge uwezo wa ku-"enforce" marekebisho hayo kwa kutunga sheria zinazofaa. Jaribu kutafsiri kifungu hicho kwa kulazimisha: "Bunge litakuwa na uwezo wa kulazimisha kifungu hiki." Kifungu hakilazimishwi. Jaribu kwa kutekeleza: "Bunge litakuwa na uwezo wa kutekeleza kifungu hiki." Sasa inaonekana kama Bunge ndilo lililoamriwa kuacha utumwa. Andika "uwezo wa kukipa nguvu kifungu hiki" au "uwezo wa kuhakikisha kifungu hiki kinafuatwa", na maana inakaa sawa. Bunge liko upande wa mkono, na wanaopaswa kufuata ni wengine.

Kulazimisha chenyewe ni kitenzi kizuri mahali pake. Kimetokana na lazima, neno la asili ya Kiarabu, na kiambishi cha kufanyisha kinakipa mlengwa mwenye uhai: mtu anafanywa aone ni lazima. Ndugu yake ni kushurutisha, kutoka sharti na shuruti. Yupo pia kutiisha, ambacho kwa umbo ndicho kingepaswa kuwa jibu, maana ni kutii kulikoongezewa kiambishi cha kufanyisha. Lakini kutiisha kumeegemea upande wa kushinda na kutawala: mtu hutiisha adui, hutiisha nafsi, hutiisha nchi. Ukisema polisi wanawatiisha wananchi, umeacha kuzungumzia kanuni na umeanza kuzungumzia ubabe. Vitenzi vyote vitatu vinamshika mtu. Vinafaa pale Kiingereza kinaposema "force", "compel" au "subdue". Kwa "enforce" vinaweza kutumika tu iwapo mfasiri ataijenga sentensi upya na kumtaja mtu: kuwalazimisha madereva wafuate kikomo cha mwendo. Hiyo ni tafsiri halali kabisa. Kisichofaa ni kulazimisha sheria, kulazimisha marufuku, kulazimisha haki za binadamu, kana kwamba marufuku ilikuwa ikikataa.

Mahali ambapo Kiswahili kimelimaliza tatizo hili kwa ustadi ni mahakamani. Aliyeshinda kesi ya madai na hajalipwa hufungua maombi ya kukazia hukumu. Kitenzi hicho kimeundwa vizuri ajabu. Kaza ni kuifanya kamba, fundo au skrubu isilegee; kazia, kwa umbo la kutendea, huelekeza kukaza huko juu ya kitu. Hukumu ambayo haijakaziwa ipo, imefungwa, lakini imelegea, na mdaiwa anaweza kuchomoa mkono. Yambwa yake ni hukumu, kama sarufi ya "enforce" inavyotaka. Na tofauti na neno la Kiingereza, ambalo limebakia bila picha kwa msomaji wa leo, kukazia bado kunaonekana: kuna fundo, kuna mkono, kuna nguvu inayoongezwa hatua kwa hatua.

Hatua hizo zenyewe hufanana katika mifumo mingi ya sheria. Kwanza kuna hukumu yenye kiasi na muda wa kulipa. Muda ukipita, mwenye hukumu ndiye anayerudi mahakamani. Mahakama haimfuati mdaiwa kwa hiari yake. Wengi wanaoshinda kesi hawalijui hili, nao hukaa nyumbani wakingoja serikali iwaletee fedha zao. Kisha mwombaji anachagua njia: kukamata mali zinazohamishika na kuziuza, kuzuia fedha zilizo benki au kwa mtu anayedaiwa na mdaiwa, kukata sehemu ya mshahara, au kuweka zuio juu ya nyumba au ardhi. Kila njia inadai taarifa zake. Huwezi kuomba kukata mshahara bila kumjua mwajiri, wala kuzuia akaunti usiyojua iko benki gani. Hukumu nyingi hulegea hapa, si kwa udhaifu wa sheria, bali kwa sababu mshindi hakukusanya taarifa hizo mapema, wakati mdaiwa bado alikuwa akijibu barua.

Uingereza na Wales wana mfano unaopaswa kumfurahisha kila mfasiri. Tangu mwaka 2014 wale waliokuwa wakiitwa "bailiffs", madalali wa kukamata mali, wanaitwa rasmi mawakala wa ukaziaji. Kanuni za ada za mwaka huo ziligawa kazi yao katika hatua, na majina ya hatua mbili za kwanza ndiyo somo lote la makala haya. Ya kwanza ni hatua ya kutii: kanuni hizo zilimpa mdaiwa notisi ya siku saba kamili, na ada iliyowekwa mwaka huo ilikuwa paundi 75. Akilipa katika hatua hiyo, hakuna anayefika mlangoni. Ya pili ni hatua ya ukaziaji: wakala anakwenda kwenye nyumba au biashara ya mdaiwa, na ada iliyowekwa mwaka huo kuongezwa hapo ilikuwa paundi 235. Sheria imetoza bei tofauti kati ya kufuata na kufuatwa. Mfasiri akiziita hatua zote mbili utekelezaji, mdaiwa anayesoma notisi yake hatajua kwamba bado ana siku chache za kuokoa ada ya pili.

Kutoka hapa inafuata "enforceable", kivumishi kinachosumbua sana katika mikataba. Mkataba "unenforceable" si lazima uwe batili. Mkataba batili kisheria haukuwahi kuwapo. Mkataba unaobatilika upo hadi mwenye haki ya kuubatilisha aamue kufanya hivyo. Mkataba usiokazika upo na ni wa kweli, ila mahakama haitausaidia. Sheria ya Uingereza ya 1677 iliyopewa jina la ulaghai, kwa lengo la kuuzuia, ilitaka mikataba ya aina kadhaa iwe na maandishi yaliyotiwa saini. Dhamana ya deni la mtu mwingine bado imo chini ya sharti hilo hadi leo. Mtu akikudhamini kwa mdomo tu na deni likaanguka, mkopeshaji hawezi kumshtaki akashinda. Lakini mdhamini akiamua kulipa kwa sababu ya ahadi yake, hawezi kurudi kesho kudai fedha zake kwa hoja kwamba hapakuwa na mkataba. Mkataba ulikuwapo. Haukuwa na mkono.

Ndivyo ilivyo pia kwa muda. Kwa sheria ya ukomo ya Uingereza ya 1980, dai la mkataba wa kawaida lina miaka 6 kupelekwa mahakamani. Baada ya hapo deni halifi. Kinachokufa ni njia ya kulidai kwa nguvu. Wafasiri wanaoandika kwamba deni "limefutwa" baada ya miaka hiyo wanampa mdaiwa zawadi ambayo sheria haikumpa.

Kuna matumizi moja ambapo mwenye mkono hubadilika, na hapo hata wafasiri wazoefu huteleza. Ukisoma kwamba mtu ana haki ya ku-"enforce" haki zake, anayefanya kazi hapo si serikali. Ni mwenye haki mwenyewe, akitumia mahakama kama chombo. Kutekeleza haki hakusemi hivyo, na kulazimisha haki kunasikika kama uhuni. Kiswahili kina kudai haki, na pale ambapo kudai kunaonekana dhaifu kwa sababu mtu anaweza kudai bila kupata, kuna kudai na kupata haki kwa njia ya mahakama. Ni maneno mengi zaidi, na yanastahili.

Walioelewa kitenzi hiki kwa undani kuliko wanasheria, kwa maoni ya makala haya, ni wahandisi wa programu, kwa sababu mashine huwalazimu kutenganisha kanuni na mkono. Mfumo wa ulinzi wa SELinux, unaotumika katika kompyuta zinazoendeshwa na Linux, una hali tatu. Ukizimwa, kanuni hazisomwi. Ukiwa katika hali ya kuruhusu, kanuni zinasomwa zote, kila ukiukaji unaandikwa kwenye kumbukumbu, lakini hakuna kinachozuiwa. Ukiwa katika hali inayoitwa "enforcing", ukiukaji unazuiwa. Amri ya getenforce inakuambia uko hali gani. Setenforce 1 inauwasha mkono na setenforce 0 inauachia, na mabadiliko hayo hudumu hadi mashine iwashwe upya, isipokuwa yameandikwa pia katika faili la mipangilio. Msimamizi anayeona kumbukumbu zimejaa maonyo huweza kudhani amelindwa. Hajalindwa. Amearifiwa tu.

Android ilipita njia hiyohiyo hatua kwa hatua: toleo la 4.3 lilianza na hali ya kuruhusu, la 4.4 likakazia sehemu, la 5.0 likakazia zote. Mpangilio huo una maana ya kiutendaji. Ukikaza siku ya kwanza, utazuia pia programu halali ambazo kanuni zako hazikuzifikiria, na watumiaji watakushinikiza uzime kila kitu. Unaanza kwa kuandika ukiukaji, unarekebisha kanuni, kisha unakaza.

Hifadhidata zina mfano mkali zaidi. Kwa miaka mingi MySQL ilikubali mtu aandike sharti la ukaguzi kwenye jedwali, kwa mfano kwamba umri usiwe chini ya sifuri. Ililisoma, haikulalamika, na ikalipuuza. Data mbovu iliingia bila kikwazo. Mambo yalibadilika katika toleo la 8.0.16 la mwaka 2019. SQLite nayo, hadi sasa, kwa chaguo-msingi haisimamii uhusiano wa funguo ngeni kati ya majedwali; anayetaka usimamiwe huandika PRAGMA foreign_keys = ON kila anapofungua muunganisho. Akisahau, jedwali la oda litabaki na wateja waliokwishafutwa, na kosa litaonekana miezi baadaye katika ripoti isiyojumlika. Kanuni iliyoandikwa bila mkono ni hatari kuliko kutokuwa na kanuni, kwa sababu aliyeiandika ameacha kuangalia.

Kwa programu, neno la Kiswahili lisitafutwe kwenye sheria za adhabu. Kuzuia ndiko kunakosema ukweli: hali ya kuzuia dhidi ya hali ya kuarifu. Au kusimamia, ambacho kwa jumla ndicho kitenzi bora cha kila siku kwa "enforce" nje ya mahakama. Simamia ni simama iliyopewa umbo la kutendea: kusimama juu ya jambo. Trafiki anasimamia kikomo cha mwendo. Mwalimu wa zamu anasimamia ukimya. Kitengo fulani kinasimamia marufuku. Udhaifu wake ni kwamba msimamizi anaweza kuwa mtazamaji tu, kwa hiyo panapohusu adhabu ni vizuri kuitaja: kusimamia marufuku kwa faini, kwa kufuta leseni.

Kivumishi "enforced" kimekwenda njia yake, na kinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu kinabeba mateso ya watu. Hapa kanuni imetoweka na shuruti imebaki. Mapumziko "enforced" ni mapumziko ambayo mtu hakuyachagua, ugonjwa umemlaza. Katika sheria za kimataifa, kivumishi hiki hupishana na "forced" bila mantiki ya kuridhisha. Mkataba wa Roma wa 1998, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika kifungu cha 7 hutumia "enforced" kwa ukahaba na kwa kufungwa kizazi, na "forced" kwa mimba, ndani ya aya moja. Shirika la Kazi la Kimataifa lilitumia "forced" katika mkataba wake namba 29 wa 1930 kuhusu kazi ya shuruti, ile ambayo Kiswahili cha pwani kina jina lake la kale, shokoa. Mfasiri asijitese kutafuta maneno mawili tofauti hapa. Shuruti linatosha kwa yote.

Isipokuwa kwa jambo moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ulioanza kutumika mwaka 2010, unahusu kile ambacho Kiingereza huita "enforced disappearance". Tafsiri iliyozoeleka ni kutoweka kwa kulazimishwa, na inamsaliti mhanga. Kutoweka ni kitenzi cha anayetoweka. Kukikazia kulazimishwa kunaleta picha ya mtu aliyeshurutishwa aende zake. Ufafanuzi wa mkataba hausemi hivyo. Unataka vitu vitatu kwa pamoja: mtu ananyimwa uhuru, kwa kukamatwa, kushikiliwa au kutekwa, wanaofanya hivyo ni maofisa wa dola au watu wenye idhini, msaada au ridhaa yake ya kimyakimya, kisha dola inakana kumshikilia au inaficha alipo, na hivyo kumtoa nje ya ulinzi wa sheria. Kupotezwa kunasema karibu yote hayo kwa neno moja. Kitenzi kimegeuzwa kutendwa, na kitenzi kinachotendwa kinadai mtendaji. Familia za watu hao tayari husema amepotezwa. Hazisemi ametoweka kwa kulazimishwa. Hati rasmi zinapaswa kuwafuata.

Katika Umoja wa Mataifa kuna pia "peace enforcement", na hapo Kiswahili cha habari huandika kulazimisha amani. Kwa mara moja hili limekaa vizuri kuliko yote, kwa kuwa haliko mbali na ukweli wa jambo. Walinzi wa amani huenda kwa ridhaa ya pande zinazopigana na hutumia silaha hasa kujilinda na kulinda kazi waliyotumwa. Hatua za shuruti chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa 1945 uliounda Umoja huo hazihitaji ridhaa hiyo, na kifungu cha 53 kinakataza jumuiya za kikanda kuzichukua bila idhini ya Baraza la Usalama. Askari aliyetumwa kulinda amani na yule aliyetumwa kuilazimisha wana amri tofauti kuhusu lini wafyatue risasi. Mhariri anayewaita wote wawili walinda amani, kwa sababu kofia zinafanana, anaandika habari ambayo jamaa za askari hao wataisoma vibaya.

Turudi kwenye sentensi za mwanzo, sasa kwa kalamu. "Serikali imeahidi kutekeleza sheria hiyo kikamilifu" hairekebishiki na mfasiri peke yake, kwa sababu aliyeahidi huenda naye hakusema ni nani atakayeisimamia na kwa kutumia nini. Mwandishi wa habari arudi na maswali hayo mawili: ni ofisi gani, na asiyefuata atafanywa nini. Akipata jibu, sentensi inajiandika: "Halmashauri itasimamia sheria hiyo, na atakayekiuka atafungiwa biashara kwa siku 30." Asipopata, aandike kwamba msemaji hakutaja ofisi wala adhabu. Na ile ya pili iwe tu: "Wananchi wametakiwa kuitii."